Ule ukanda mweusi barabarani haupimi gari, unapima kishindo cha kila ekseli

#1 Fundi Vihisi

Wakuu, habari za saa hizi.

Nimesoma malalamiko mengi ya madereva kuhusu mizani za barabarani, na mengi nayaelewa, maana kazi yangu ni kufunga na kurekebisha vile vihisi vinavyofukiwa kwenye lami. Ila kuna jambo moja halijaeleweka, na ndilo linalozaa ugomvi pale dirishani. Wengi wanaamini ule ukanda mweusi unaokatiza barabara unapima gari. Haupimi gari. Unapima jinsi kila ekseli (mhimili wenye magurudumu) inavyoikanyaga lami kwa muda wa kufumba na kufumbua, au chini ya hapo. Uzito wa gari zima ni hesabu inayopigwa baadaye na kompyuta.

Nianze na kilichofukiwa. Mara nyingi ni vitu vya aina mbili. Cha kwanza ni kitanzi cha waya, ile michoro ya mraba unayoiona imekatwa kwenye lami na kuzibwa kwa lami laini. Kitanzi kinapitisha umeme mdogo, na chuma kikubwa kikipita juu yake umeme ule unabadilika. Hapo kompyuta inajua gari limeingia, na baadaye inajua limetoka. Bila kitanzi, malori mawili yaliyofuatana kwa karibu yangehesabiwa kuwa gari moja lenye ekseli 12.

Cha pili ni kihisi chenyewe cha uzito. Kinachotumika sana kwenye barabara za mwendo mkubwa ni kile cha fuwele ya kwatzi, aina ya jiwe gumu. Kwatzi ukiibana inatoa chaji ndogo ya umeme, na kadiri unavyoibana ndivyo chaji inavyoongezeka. Ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, waliionyesha tabia hiyo mwaka 1880, zamani kabla lori lolote halijakanyaga lami. Leo vipande vya kwatzi vinapangwa ndani ya bomba jembamba la aluminiamu, bomba linalazwa kwenye mfereji uliokatwa barabarani, kisha linafunikwa kwa gundi ngumu na kusagwa hadi liwe sawa kabisa na uso wa lami.

Ukanda huo ni mwembamba kuliko sehemu ya tairi inayogusa barabara. Kwa hiyo tairi halikai lote juu yake hata mara moja. Linaupita kama mguu unavyopita juu ya kamba. Kompyuta inakusanya chaji yote tangu tairi linapoanza kugusa hadi linapoondoka, inazidisha kwa mwendo, inagawa kwa upana wa ukanda, na hapo ndipo uzito wa gurudumu unapopatikana. Mwendo ukikosewa, uzito nao umekosewa. Ndiyo maana kanda huwa mbili, moja mbele ya nyingine: muda wa kutoka ya kwanza hadi ya pili ndio unaotoa mwendo. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda kama mita 22 kila sekunde. Tairi linalogusa lami kwa sentimita 30 linapita juu ya mstari mmoja kwa milisekunde 13 au 14 tu. Huo ndio muda wote tulionao wa kulijua.

Kutokana na muda kati ya ekseli na ekseli kompyuta inapata umbali wake, na ikiutazama umbali huo pamoja na idadi ya ekseli inajua hili ni basi, hili ni lori la ekseli tatu, hili ni kichwa na trela lake. Kisha inachukua kiwango cha sheria cha aina hiyo ya gari na kukilinganisha na ilichopima. Kamera inasoma namba. Taa au ubao wa mbele unakuambia uendelee au uingie kituoni. Yote yanaisha kabla hujabadili gia.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu ninayoyajua.

#2 Dereva wa Masafa

Asante sana mkuu kwa kufungua uzi huu. Mimi nina jambo linaloniumiza. Wiki iliyopita jumla ya gari langu ilikuwa chini ya kiwango, karatasi ninayo, tena kwa zaidi ya tani moja. Lakini nikaambiwa nimezidisha kwenye ekseli za nyuma za kichwa. Nikalala pale hadi asubuhi. Mzigo si mimi niliyeupakia, konteina nililikuta limefungwa kwa lakiri. Sasa kama jumla iko sawa, kosa langu ni lipi?

#3 Mhandisi wa Lami

Ndugu Dereva, pole sana kwa usiku ule. Naomba nikujibu upande wa barabara, Fundi atajibu upande wa mzani.

Barabara haijui jumla ya gari lako. Inajua kila ekseli inapopita juu yake. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Wamarekani walijenga barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, wakawaweka askari kuendesha malori kuzunguka usiku na mchana hadi ekseli zilizopita zikazidi milioni moja. Kila njia ilipewa uzito wake. Walichokiona ndicho tunachokitumia hadi leo tunapopanga unene wa lami: madhara hayaongezeki sawasawa na uzito, yanaongezeka takriban kwa kipeo cha nne.

Maana yake hii. Chukua ekseli ya tani 10 kama kipimo. Ukiifanya tani 11, madhara yanakuwa karibu mara moja na nusu. Ikiwa tani 12, ni mara mbili na kidogo. Ikiwa tani 13, inakaribia mara tatu. Umeongeza mzigo kwa thelathini kwa mia, barabara imeumia kama imepitiwa na magari matatu. Gari dogo la abiria lenye nusu tani kwa ekseli lingehitaji kupita mara 160,000 ili kuumiza kama ekseli moja ya tani 10.

Kwa hiyo gari lenye jumla halali lililorundika mzigo sehemu moja linaweza kuharibu barabara kuliko gari lililozidi kidogo lakini limegawa vizuri. Ile mifereji miwili unayoiona kwenye njia ya malori, maji yakijaa mvua ikinyesha, imechimbwa na ekseli moja moja.

#4 Fundi Vihisi

Mhandisi kamaliza. Mimi niongeze hesabu moja itakayokusaidia, kaka Dereva.

Tuseme trela lako lina mita 8 kutoka pini ya kuunganishia hadi katikati ya ekseli zake za nyuma, na mzigo ni tani 20. Ukiusogeza mzigo wote nyuma kwa sentimita 40 tu, tani moja kamili inahama kutoka kwenye pini kwenda kwenye ekseli za trela. Sentimita 40 ni hatua fupi ya mtu mzima! Na sehemu kubwa ya kinachotoka kwenye pini kinatoka kwenye zile ekseli za nyuma za kichwa zilizokukamatisha.

Konteina lililofungwa lakiri hulifungui, hilo najua. Lakini kama trela lina matundu kadhaa ya kufungia konteina, au kama ekseli za trela zinasogea kwenye reli, hapo una nafasi ya kurekebisha bila kugusa lakiri. Na anayepakia aulizwe kabla, apange vizito katikati ya ekseli, asirundike upande wa mbele kwa sababu tu ndiko folklifti ilikoanzia.

#5 Utingo Mwandamizi

Mkuu Fundi, mimi swali langu ni jingine. Kwa nini taa inatuambia tuingie kituoni, tukifika kwenye mzani wa kusimama tunaonekana tuko safi? Imetutokea zaidi ya mara tatu. Muda wetu unapotea.

#6 Fundi Vihisi

Swali zuri, na hili ndilo kiini cha uzi wangu, kwa hiyo nivumilie nitaandika kirefu.

Gari linalokimbia halitulii. Bodi linapanda na kushuka juu ya springi, mara mbili hivi au tatu kila sekunde. Ekseli zenyewe zinadunda haraka zaidi, mara 10 hivi kwa sekunde. Hesabu mwenyewe: kwa mita 22 kwa sekunde, bodi linalodunda mara mbili kwa sekunde linamaliza mdundo mmoja kila mita 11. Sasa ukanda wangu uko mahali pamoja. Kama tairi limeufikia wakati bodi linashuka, ekseli inasoma nzito kuliko ilivyo. Kama limeufikia wakati linapanda, inasoma nyepesi. Lori lile lile likipita mara 10 litaacha namba 10 tofauti, na zote ni za kweli kwa maana ya kwamba ndivyo lami ilivyosukumwa sekunde ile.

Kwa hiyo viwango vya kitaalamu vinakubali kosa hilo waziwazi. Kiwango cha Marekani kinachoitwa ASTM E1318, kwa mizani ya mwendo inayotumika kuchuja magari kabla ya kituo, kinataka vipimo 95 katika kila 100 viwe ndani ya asilimia 6 kwa jumla ya gari, asilimia 10 kwa kundi la ekseli, na asilimia 15 kwa ekseli moja. Angalia ile ya mwisho. Ekseli ya tani 10 za kweli inaruhusiwa kusomeka kuanzia 8.5 hadi 11.5 na mzani bado ukahesabiwa kuwa mzima.

Ona pia jinsi jumla inavyokuwa sahihi kuliko ekseli moja moja. Ekseli hii ikisomeka nzito kidogo na ile ikisomeka nyepesi kidogo, makosa yanafidiana. Ndiyo sababu sehemu nyingine tunafukia kanda nyingi mfululizo badala ya mbili, ili tupate wastani wa midundo kadhaa.

Basi mwenye kituo anapopanga taa, hawezi kuiweka kwenye kiwango chenyewe cha sheria, maana waliozidi wengi wangepita kwa bahati ya mdundo. Anaiweka chini kidogo. Matokeo yake baadhi ya magari halali yataingizwa. Mzani wa mwendo ni chekeche, haujapewa kazi ya kuhukumu. Kazi yake ni kuwaacha wengi waende zao bila kusimama, na wachache wenye mashaka wapelekwe kwenye mzani wa kusimama ambao ndio wenye neno la mwisho. Bila chekeche hilo mngepanga foleni nyote, kila siku, kila kituo.

Hata hivyo, kama gari lako linaingizwa kila mara na kila mara liko safi, mambo mawili yachunguzwe. Moja, springi na shokapu zako, kwa sababu gari lenye shokapu zilizokufa linadunda kuliko mengine na litasomeka vibaya daima. Mbili, mzani wenyewe huenda umehama, na hilo ni letu mafundi.

#7 Karani wa Shehena

Ukisema mzani umehama una maana gani? Mimi ofisini nalinganisha karatasi za vituo viwili kwa gari lile lile na mzigo ule ule, naona tofauti ya kilo 400 hadi 600. Bosi ananiuliza mimi, nami sina jibu.

#8 Fundi Vihisi

Dada au kaka Karani, hapo kuna mambo mawili tofauti, tuyatenganishe.

Kuhama kwa mzani wa mwendo kunatokana na barabara na hali ya hewa. Kwatzi haijali sana joto. Lakini kuna vihisi vya bei nafuu vya polima (aina ya plastiki), na hivyo vinabadilika joto likipanda, sembuse lami yenyewe inayolainika mchana na kukaza usiku. Mwaka wa kwanza barabara ni tambarare, mwaka wa tatu imeanza kubonyea pale pale mbele ya ukanda, magari yanaanza kuruka kabla ya kuufikia. Ndiyo maana tukichagua mahali tunatafuta barabara iliyonyooka, isiyo na mteremko, magari yasipofunga breki wala kukanyaga mafuta, na uso laini kwa mita 60 kabla na 30 baada ya mzani. Mahali pengi kipande hicho kinamwagwa zege badala ya lami kwa ajili hiyo.

Kurekebisha tunachukua lori ambalo uzito wake umepimwa kwa uhakika kwenye mzani wa kusimama, ekseli kwa ekseli, tunalipitisha mara nyingi kwa mwendo tofauti, kisha tunasahihisha namba. Katikati ya marekebisho hayo kuna ujanja mzuri unaofanywa na programu yenyewe: ekseli ya mbele ya kichwa cha trela, ile ya usukani, haibadiliki sana uzito iwe trela limejaa au tupu. Programu inaangalia wastani wa ekseli za mbele za maelfu ya malori ya aina moja. Wastani huo ukianza kupanda au kushuka wiki kwa wiki, malori hayakubadilika, mzani ndio umebadilika.

Ama karatasi zako mbili, hizo ni za mizani za kusimama, na hapo sababu ni nyingine. Mzani wa kusimama una sahani ya chuma iliyokaa juu ya seli za mzigo. Ndani ya kila seli kuna kipande cha chuma kilichobandikwa nyuzi nyembamba za metali. Chuma kikibonyea kwa mzigo, nyuzi zinavutika, ukinzani wake wa umeme unabadilika, na badiliko hilo ndilo linalosomwa. Chombo hiki ni sahihi sana, na wakaguzi wa vipimo wanakihakiki kwa mawe ya uzito yanayojulikana.

Sasa angalia kilichobadilika kati ya kituo na kituo. Dizeli lita 400 ni kama kilo 340, nazo zimechomwa njiani. Turubai lililoloa mvua lina uzito wake, tope chini ya trela lina uzito wake. Na kubwa kuliko yote, namna ya kupima. Kama kituo kina sahani fupi inayopima kundi moja la ekseli kwa wakati, uwanja wa mbele na nyuma lazima uwe usawa mmoja na sahani. Sahani ikiwa juu hata kidogo, ekseli iliyo juu yake inabeba mzigo wa wenzake. Ikiwa chini, wenzake wanaibebea. Dereva akikaza breki wakati wa kupima, magurudumu yanashikana na springi hazikai mahali pake, namba inapotoka. Gari lipimwe breki zimeachiwa, gia huru. Halafu jumla ya vipimo vitatu vya makundi si sawasawa na kulipima gari lote likiwa juu ya sahani moja ndefu. Ukiulizwa na bosi, muulize kwanza kama vituo vyote viwili vina sahani ya urefu mmoja.

#9 Mchukuzi

Nimeendesha miaka mingi na nitasema ninachokiona. Kuna madereva wakikaribia vile vihisi wanakanyaga breki kwa ghafla, wengine wanatoa matairi ya upande mmoja nje ya barabara. Wanasema mashine haioni. Ni kweli?

#10 Fundi Vihisi

Mashine inaona, kaka. Ukifunga breki, uzito unahama kutoka nyuma kwenda mbele, basi ekseli za nyuma zinasoma nyepesi lakini za mbele zinasoma nzito. Na mwendo kwenye ukanda wa kwanza hautalingana na mwendo kwenye wa pili. Programu ikiona tofauti hiyo inaandika kwamba kipimo hakiaminiki, na gari lenye kipimo kisichoaminika linaitwa kituoni moja kwa moja. Kusimama kabisa juu ya kihisi cha kwatzi kunaharibu kipimo, kwa sababu chaji inavuja tairi likitulia, na hilo nalo linaandikwa. Anayetoa tairi nje ya ukanda anasomeka upande mmoja tu. Vituo vingi vina ukanda mwingine uliolazwa mshazari, ambao muda wa tairi kuufikia unaonyesha limepita wapi hasa katika upana wa njia.

Linaloniumiza zaidi ni usalama. Lori la tani 40 au 50 linalofunga breki ghafla katikati ya barabara ya mwendo mkubwa, nyuma yake kuna basi lenye watu. Lori linalotoa matairi kwenye bega la barabara lenye changarawe linaweza kuanguka. Nimeshaona alama za breki zimeanzia mita chache kabla ya kihisi nilichokifunga mwenyewe, na nilisimama pale nikaziangalia kwa muda mrefu. Tafadhali wakuu, msifanye hivyo.

#11 Dereva wa Tangi

Na sisi wa vimiminika? Mzigo wetu hautulii.

#12 Fundi Vihisi

Ni kweli, na ni haki yenu kulalamika. Tangi lisilojaa, lenye kimiminika kinachokwenda mbele na nyuma, linahamisha uzito kati ya ekseli kwa muda mrefu kuliko mdundo wa springi. Kuta za ndani za tangi zinapunguza lakini hazimalizi. Ushauri wangu ni huu: kwenye kihisi cha mwendo pita kwa kasi isiyobadilika, na kwenye mzani wa kusimama omba dakika ya kutulia kabla namba haijachukuliwa. Karani mwenye ujuzi atakubali, maana anaona mwenyewe namba inavyocheza kwenye kioo.

#13 Mhandisi wa Lami

Niongeze kuhusu madaraja, maana watu wanasahau. Daraja, tofauti na lami, linajali jumla na linajali urefu. Tani 36 zilizosambaa kwenye mita 15 na tani 36 zilizobanana kwenye mita 7 ni mizigo miwili tofauti kwa daraja. Marekani waliliingiza hilo kwenye sheria yao ya barabara kuu tangu katikati ya miaka ya 1970: kuna kanuni inayotoa uzito unaoruhusiwa kwa kuangalia idadi ya ekseli na umbali kati ya ya kwanza na ya mwisho, na juu ya hapo jumla haivuki pauni 80,000, ambazo ni kama tani 36.

Na daraja lenyewe linaweza kugeuzwa mzani. Mhandisi Fred Moses aliliandika hilo mwaka 1979. Unabandika vihisi vya mnyumbuko chini ya mihimili, gari likipita juu daraja linapinda kidogo sana, na kutokana na umbo la kupinda huko unapiga hesabu ya kurudi nyuma hadi kwenye uzito wa ekseli. Hakuna kinachokatwa kwenye lami, hakuna njia inayofungwa, na dereva haoni chochote cha kukifungia breki. Gari linakaa juu ya daraja kwa muda mrefu kuliko linavyokaa juu ya ukanda, kwa hiyo midundo inapata nafasi ya kufidiana. Binafsi naipenda njia hii kuliko zote, ingawa inahitaji daraja la umbo linalofaa, na malori mawili yakikutana juu yake hesabu inakuwa ngumu.

#14 Karani wa Shehena

Je, kuna mahali ambapo mashine ya mwendo inatoza faini yenyewe bila mzani wa kusimama? Nimesikia.

#15 Fundi Vihisi

Ipo. Jamhuri ya Czech inafanya hivyo. Jiji la New York nalo lilianza mwishoni mwa mwaka 2023 kwenye barabara ya Brooklyn-Queens, ambayo sehemu yake imekaa juu ya zege la zamani linalochoka, na hakuna nafasi ya kusimamisha malori pembeni. Pale faini ni dola 650.

Msimamo wangu: inawezekana, lakini kwa masharti. Vihisi viwe vingi, uhakiki ufanyike mara kwa mara na wakala asiyefaidika na faini, na kiasi cha kosa la mashine kitolewe kwanza kwenye namba kabla mtu hajashtakiwa. Kumtoza dereva kwa asilimia 3 iliyopatikana kwenye mdundo mmoja wa springi ni dhuluma. Kumtoza aliyezidisha kwa asilimia 30 hakuna ubishi, hakuna mdundo unaoeleza hilo kwenye jumla ya gari zima.

Kwa upande mwingine, mashine imeleta kitu ambacho madereva waaminifu walikihitaji kwa muda mrefu. Picha, namba, saa, mwendo na uzito wa kila ekseli vinafungwa pamoja kwenye rekodi moja wakati ule ule. Aliye dirishani akisema umezidi na rekodi inasema hukuzidi, una pa kusimamia. Na akimpitisha aliyezidi, rekodi ya kihisi cha mwendo ipo, inamngoja.

#16 Utingo Mwandamizi

Mkuu, ingekuwa bora tujue uzito kabla hatujaondoka. Tukifika mizani tumeshachelewa.

#17 Fundi Vihisi

Na hilo lipo, tena si ghali kama watu wanavyodhani kwa magari ya springi za hewa. Mfuko wa hewa unaobeba ekseli una shinikizo linalolingana na mzigo ulio juu yake. Geji kwenye bomba la hewa, ikishalinganishwa mara moja na mzani wa kusimama gari likiwa tupu na mara moja likiwa limejaa, inakupa uzito wa kundi lile wakati wowote ukiwa umesimama mahali tambarare. Umoja wa Ulaya uliingiza vifaa vya kupimia ndani ya gari kwenye maelekezo yake ya mwaka 2015, kama moja ya njia ambazo nchi zinaweza kuchagua kudhibiti uzito. Kwa springi za majani ni vigumu zaidi, maana majani yanasuguana, unahitaji vihisi kwenye ekseli zenyewe.

#18 Dereva wa Masafa

Wakuu, narudi na taarifa. Nilimwonyesha msimamizi wa upakiaji ile hesabu ya post namba 4. Alikuwa mgumu mwanzoni, kisha akachukua futi, akapima umbali kutoka pini hadi ekseli za trela. Kwetu ni mita 7 na nusu. Safari hii mzigo ulikuwa wa pakiti, si konteina, tukaanza kupanga nusu mita nyuma ya pale tulipozoea. Tani 22 zile zile.

Kihisi cha mwendo kikaniwashia kijani. Nikaingia kituoni kwa hiari yangu nikaomba nipimwe, karani akashangaa lakini akanipima, breki nimeachia kama ulivyosema. Ekseli za nyuma za kichwa zimeshuka kwa tani moja na kilo mia mbili. Za trela zimepanda kwa karibu kiasi hicho hicho, na bado ziko ndani ya kiwango.

Swali langu la mwisho: ekseli ya mbele nayo imeshuka kidogo, kama kilo mia moja na hamsini. Usukani hautakuwa mwepesi kwenye mvua?

#19 Fundi Vihisi

Hongera sana kaka. Mita 7 na nusu, tani 22, nusu mita: hesabu inatoa tani moja na kilo 470 kutoka kwenye pini, na wewe umeona kilo 1,200 nyuma na 150 mbele. Jumla 1,350, na kilo 120 hivi zilizobaki ziko ndani ya kosa la kawaida la mzani na la futi yenu. Kilo 150 kwa ekseli ya usukani hutazihisi hata kwenye mvua. Ila msisogeze zaidi ya hapo, pini ikipungukiwa sana magurudumu ya kuvuta yanakosa kushika kwenye mlima uliolowa. Pima upepo wa matairi ya trela kabla ya safari ijayo, sasa yanabeba zaidi kuliko yalivyozoea.